Mwanangu Ameshukia Mafinga

Leo ni Jumamosi. Hapa Ipogolo, Iringa, kumeamka na upepo mkavu unaotikisa mabati, nami nimeamka na wivu. Nautaja mapema kwa sababu nilifundisha Kiswahili maisha yangu yote ya kazi, na siku zote niliwaambia wanafunzi kwamba anayezungukazunguka jambo lake hana jambo.

Namwonea wivu mdogo wangu wa kuzaliwa, Leokadia.

Jumatano binti yangu Editha alinipigia simu kutoka Mbeya, alikokuwa akiishi na mumewe. Alisema, "Mama, nimeachika." Nami nikamjibu, "Sema umeachwa. Kuachwa kuna mtendaji. Amekuacha kwa kosa lipi, na kosa ni la nani?" Sikuwa na nia mbaya. Nilitaka kumjua mwenye kosa ili nimchukie ipasavyo. Editha akasema atakuja kwangu kesho yake kwa basi.

Alhamisi nilipiga pasi mashuka ya kitanda chake. Nilipika kuku na njegere, nikatoka barabarani kungoja. Basi lilisimama, wakashuka wengine, Editha hakuwamo. Kabla sijamuuliza kondakta, simu ikalia. Alikuwa Leokadia.

"Dada, usihangaike huko barabarani. Mtoto ameshukia huku kwangu."

Basi litokalo Mbeya hupita Mafinga kabla ya kufika Iringa. Mwanangu alikuwa amebakiza safari fupi tu afike kwa mama aliyemzaa, akaomba ashushwe kwa mama mdogo.

Akaomba ashushwe.

Maneno hayo mawili yamelala nami siku mbili, na leo asubuhi yakanipandisha gari kwenda Mafinga kumchukua.

Niseme kidogo kuhusu Leokadia. Ni mjane kama mimi. Anatengeneza milango na vitanda vya mbao za msonobari. Shuleni hakufika mbali, na upatanisho wa ngeli kwake ni jambo la watu wengine. Kiangazi kilichopita banda lake la useremala liliteketea lote, randa na misumeno na vitanda vilivyokuwa vinangoja wenyewe. Nilipokwenda kumpa pole nilimkuta anachagua misumari kwenye majivu, akaniambia, "Banda imeungua, dada, mimi sijaungua."

"Limeungua," nikasema.

"Haya, limeungua. Ukilisahihisha linarudi?"

Wote waliokuja kumpa pole walicheka. Sijausahau ule mcheko.

Leo nimemkuta amejenga banda jipya kwa mabanzi, na ndani yake, vumbi la mbao likiwa limemjaa kichwani, Editha anapiga msasa fremu ya mlango. Anacheka. Ndoa imemfia juzijuzi, naye anacheka na mafundi!

"Kamwene, mwalimu!" Leokadia akanisalimu Kihehe kwa sauti kubwa. "Jamani, mkaguzi ameingia, simameni wima! Wewe, ficha hiyo mbao uliyoikata vibaya."

Mafundi wakasimama wima kweli, mmoja akapiga saluti kwa kipande cha ubao. Editha akacheka zaidi. Mimi nilisimama mlangoni na mkoba wangu, nikajihisi mgeni kwa mtoto wangu.

Juma hili nilimsikia mshauri nasaha redioni akieleza kwamba tabia ya mtu huchangia namna anavyoinuka baada ya kuanguka. Alipotaja nidhamu, nilitabasamu. Alipotaja utulivu, niliongeza sauti. Kisha akataja kukubali kuegemea wengine, na kutokukaa na swali la nani alaumiwe. Nikaizima redio.

Maana hapo ndipo mdogo wangu anaponipita. Kuungua, kuvunjika, kuachika: vitenzi hivi havimtaji mtendaji. Nimevifundisha kwa ufasaha, ila Leokadia ndiye anayeishi navyo. Hajawahi kuuliza nani aliwasha moto. Mimi niliondolewa ualimu mkuu miaka mingi iliyopita kwa barua ya mashtaka isiyo na jina, na hadi leo, nikipeana amani kanisani na niliofanya nao kazi, najiuliza kama mkono ninaoushika ndio ulioandika barua ile. Watu husema mimi ni imara. Kweli ni imara. Nimesimama palepale.

Baada ya chai nilimwambia Editha afunge mzigo, tuwahi gari.

"Mama, niache nikae kidogo huku."

"Kwa nini huku na si kwangu?"

Nilikusudia kuuliza kwa upole. Sauti ilitoka ile ya darasani. Alizitazama kucha zake zilizojaa vumbi, akasema, "Kwako nitatakiwa nieleze, mama. Huku napewa msasa."

Nikasema kwamba kucheka hakuponyi mtu, na kwamba mama yake mdogo hajui uzito wa mambo.

"Mama mdogo analia," akanijibu. "Kila tukiosha vyombo. Analia kabisa, ananiambia nimfute na kanga maana mikono yake ina sabuni. Halafu tunaendelea na sufuria."

Sikulijua hilo. Mimi, dada yake mkubwa, sikulijua. Na hapa ndipo wivu wangu ulipovuka mpaka wa aibu, kwa sababu niliyaonea wivu hata machozi. Mwanangu amemfuta mtu machozi, na mtu huyo si mimi. Mimi hata siku tuliyomzika baba yake nililia nimefunga mlango, nikiamini kwamba mtoto anahitaji ukuta wa kuegemea. Kumbe anaweza kuhitaji pia mtu wa kumshikia kanga.

Leokadia hakunicheka wala hakujigamba. Alinifungia viazi kwenye mfuko, akasema, "Dada, usinikasirikie. Sikumwita." Najua hakumwita. Ndiyo maana inauma.

Nimerudi peke yangu. Editha alinisindikiza stendi, akanitafutia kiti cha dirishani, akasema nikifika nimpigie.

Nimepiga. Nikasema, "Nimefika." Hapo desturi yangu ni kutoa wosia mfupi na kukata. Leo sikutoa wosia, wala sikuuliza swali. Nilibaki na simu sikioni. Naye hakukata. Tulikaa hivyo, mimi na mwanangu, bila sentensi yoyote, mpaka nikamsikia anavuta kamasi. Nami nikavuta zangu, makusudi, kwa nguvu, ili asikie.

Jumamosi ijayo nitakwenda tena Mafinga, na safari hii sitakwenda kumchukua mtu. Nitabeba nguo za kazi. Wivu nitakwenda nao. Sijui pa kuuacha.