Mahindi Yetu Kwenye Njia ya Ng'ombe

Kambini, Mara

Mume wangu mpenzi, Baba Zainabu,

Assalaam alaikum. Kikohozi kile kimekuacha, au bado unakificha nikipiga simu? Na magoti ya mama mkwe yanaendeleaje? Mimi ni mzima, Alhamdulillahi, ila baridi ya asubuhi huku si mchezo. Nakanda unga wa chapati za wageni nimevaa sweta mbili.

Utashangaa kwa nini naandika na simu ninayo. Kwenye simu mimi na wewe hatumalizi jambo. Mtandao wako hukatika pale pale ninapoanza kukupinga. Kwa hiyo nampa barua hii dereva wetu anayekuja Hola likizo, naye ataifikisha Ndera. Isome mwenyewe, usimpe Zainabu akusomee.

Nyumbu wamefika. Wametoka upande wa Tanzania wakifuata nyasi kama wafanyavyo kila mwaka, wengi hadi uwanda umekuwa mweusi, na punda milia wamo kati yao. Wageni huenda mtoni kuwatazama wakivuka, na mamba akimkamata mmoja, wanashika vichwa. Mimi mtoto wa Tana, mamba hanishangazi. Nilitazama kidogo nikarudi kwa mkate wangu.

Lakini juzi niliona jambo lililonitoa machozi mchana kweupe. Jirani mmoja wa kambi amezungushia shamba lake seng'enge mwaka huu, katikati ya njia yao. Nyumbu walikuja kwa mstari, wa mbele wakafika kwenye waya wakasimama. Nikadhani watageuka. Wapi! Wa nyuma walizidi kuja na kusukuma, mpaka waya ukalala chini na nguzo zake. Ndama mmoja akabaki amenasa mguu, mama yake anamzunguka. Mlinzi wetu, mzee wa Kimaasai, alipokwenda kumfungua aliniambia, "Mama, hawa hawajui shamba. Wanajua njia tu."

Hapo nikakukumbuka wewe na mahindi yetu.

Pale malkani, ng'ombe wa Mzee Barisa wanaposhukia mtoni kiangazi kikikaza, ni mimi niliyekuambia tulime. Sikatai. Misimu miwili hawakuja, kwa sababu mvua ilikuwa nzuri kwao huko juu. Nyasi zikafunika nyayo, nami nikaona udongo mzuri umelala bure, tamaa ikanishika. Nikasema, "Njia gani hii isiyopitwa na mtu?" Wewe ulisita, nami nikakucheka. Sasa kiangazi kimerudi, ng'ombe wako njiani, na unaniambia umeziba kwa miiba. Eti, "Ng'ombe wana miguu, wazunguke." Wazunguke wapi, Baba Zainabu? Malka nyingine ni mwendo wa siku nzima, na ng'ombe aliyekwisha kunusa maji humgeuzi.

Unaijua desturi ya Mzee Barisa. Siku moja kabla mifugo haijafika hututumia kibuyu cha maziwa, ndiyo hodi yake. Mwaka ule pojo zetu zilipokuwa hazijavunwa kando ya njia, alisema, "Nyinyi toa chakula yenu kwanza, mimi nangoja." Akangoja siku mbili, ng'ombe wakilia kwa kiu. Mwaka huu kibuyu hicho utakipokeaje, na miiba uliyoikata mwenyewe iko nyuma yako? Vijana wake hawana subira yake, na vijana wetu wana mapanga. Naogopa, nasema wazi. Nakuona umesimama mbele ya miiba ile na ukaidi wako, na mimi niko huku na mwiko mkononi.

Ondoa miiba, fyeka mahindi. Yaliyofaa kuchemshwa wagawie majirani, mabua waachie ng'ombe. Watu wakikucheka kwamba mke amekuendesha kwa karatasi kutoka Mara, waambie kosa lilikuwa la mke. Ni kweli, na likizo yangu ikifika nitalisema mwenyewe mbele ya Mzee Barisa. Najua umeyapalilia kwa mgongo unaouma. Nisamehe kwa hilo.

Nisalimie mama mkwe, mwambie dawa ya kuchua nimempa dereva huyu huyu. Msalimie shemeji Komora anayevusha watu kwa mtumbwi, na shangazi Hadija msuka mikeka. Mkeka wake mpishi mwenzangu ameutamani hadi nauficha. Zainabu mwambie namwomba amsikilize bibi yake, na asiende mtoni peke yake.

Na wewe, ukimaliza kusoma, chukua panga uende malkani sasa hivi, usingoje kesho. Mahindi hata huku yapo, nayachoma kila siku. Mume sina mwingine.

Mkeo akupendaye,
Mama Zainabu