Baraka Alizopewa Dereva

Mdogo wangu mpenzi,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe, wifi yangu na watoto. Je, mgongo umepoa? Natumaini siku hizi unakula ukiwa umekaa, siyo umesimama na simu sikioni. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila goti la kulia limeanza kuninung'unikia kwenye ngazi za kanisa.

Kinanda ulichotutumia kimefika salama. Ni kizuri mno. Wanakwaya walikipapasa mpaka nikawafokea. Mchungaji alitangaza kwamba Jumapili mfadhili angewekewa mikono na kuombewa. Nililipiga pasi joho lako, nikaliweka kwenye kiti chako cha mwisho, safu ya besi. Gari lako lilipoingia uani, nilitoka hadi mlangoni kukupokea.

Akashuka dereva.

Alieleza kwamba umebanwa na kazi, umemtuma akuwakilishe. Wazee wa kanisa wakanong'onezana, wakaamua kwamba mwakilishi apokee yote. Maskini alijitetea kwamba alitumwa kuleta salamu tu, hakuambiwa habari za kupiga magoti. Mzee mmoja akamwambia, "Piga, baba, unatuchelewesha." Akapiga. Wakamwekea mikono kichwani, wakawaombea mke wako, watoto wako na biashara yako. Vijana wa besi walicheka hadi nikawakata jicho. Baada ya ibada dereva aliniuliza, kwa heshima kabisa, kama anapaswa kukukabidhi zile baraka akifika. Nilimjibu kwamba mzigo wa namna hiyo haupakiwi garini.

Nilipofika nyumbani nilicheka peke yangu, kisha kicheko kikanikauka.

Kinanda hiki kinaweza kupiga besi chenyewe; kipo kitufe chake. Nimemkataza mpigaji asikibonyeze. Tunaimba na pengo, na waumini wanadhani masikio yangu yamezeeka. Pale sauti yako ilipozoea kushuka mwishoni mwa ubeti, viti vikatetemeka, sasa nasikia feni tu.

Sikulaumu kwa kufanikiwa. Nalala chini ya bati ulilonunua wewe, wala sijawahi kukurudishia. Lakini Bwana wetu hakutuma vitu, alikuja mwenyewe.

Kuna jambo sijamwambia hata mchungaji. Kila kanisa linapoombea biashara yako istawi, mimi hufumba macho nikaomba kinyume: maduka yafungwe, magari yauzwe, urudi mikono mitupu, ukae kwenye kiti chako. Hata siku ile niliomba hivyo, nikaitikia Amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Nilipofumbua macho nikamwona dereva akijifuta machozi. Alikuwa amenieleza mlangoni kwamba kazi uliyompa ndiyo inayowasomesha wanawe. Wimbo uliofuata sikuweza kuuanzisha.

Tangu hapo nikipiga magoti nakosa la kusema. Siwezi kuomba uanguke, na kuomba uzidi kupanda ni kuomba uzidi kuwa mbali. Kwa kuwa sijui tena nimwombe Mungu nini, nimeona nikuombe wewe.

Njoo, mdogo wangu. Usibebe kitu. Na dereva akija, awe amekuleta wewe.

Waambie watoto shangazi yao anawabusu. Wifi nampa pole ya kukungoja, najua ilivyo.

Joho lako lingali kitini.

Ni mimi dada yako mkubwa,
niliyekufundisha kuimba.