Chenga za Elia

Jumatano, 5 Juni
Nimefuta dishi, nimepanga mabenchi. Hapa Kibondo kibanda umiza chenye picha safi ni hiki changu, wenzangu wanaonyesha ukungu. Kidato cha pili ndio mwisho wangu, lakini king'amuzi kinanitii kuliko wenye digrii. Kuna chaneli inaonyesha michezo ya vyuo. Jumamosi fainali. Kasulu wamo. Na Elia yumo.

Alhamisi, 6 Juni
Kijiwe kizima Elia, Elia. Tumekua pamoja, nyua zetu zinapakana. Ile chenga ya kuupitisha mpira nyuma ya kisigino nilimfundisha mimi, tena pekupeku. Kaenda kusomea ualimu, kaenda nayo. Leo kwenye marudio ya nusu fainali mtangazaji kaiita "chenga ya Elia".

Ijumaa, 7 Juni
Mama yake kaja kuuliza kama mtu mzima anaruhusiwa kibandani. Hajawahi kuingia. Nimemwambia aje, atakaa mbele, kiingilio hakuna. Mimi muungwana bwana. Wivu ninao, siufichi.

Jumamosi, 8 Juni
Kumejaa hadi mlangoni. Mama Elia na kitenge cha kanisani, kanisalimu kwa makofi ya Kiha, kama vile mzee ni mimi. Bila bila mpaka dakika za mwisho. Elia kapata mpira. Kampita wa kwanza. Watu wamesimama. Mtangazaji kaanza, "Chenga ya E..." Mkono wangu ukaenda nyuma ya TV. Nimechomoa waya wa king'amuzi.

Kioo chote chengachenga. Nikasema, "Mlitaka chenga, hizo hapo."

Nilitegemea wacheke. Wamenizomea. Mama Elia hakugeuka. Aliziangalia zile nukta nyeupe, akaniuliza taratibu, "Baba, mwanangu ni yupi hapo?"

Niliporudisha waya, tangazo la sabuni.

Jumapili, 9 Juni
Bao kafunga yeye. Kanisani sijaenda. Mama yake hukaa benchi la mbele.

Jumanne, 11 Juni
Marudio, asubuhi. Nimemfuata mama Elia kwenye mihogo yake, kaja na udongo miguuni. Tumekaa wawili tu. Nilishapanga kumwambia chenga ile ni ya nani.

Elia kapata mpira. Nikamwonyesha kwa kidole. Hakupepesa mpaka bao likaingia. Akapiga makofi mawili, polepole.

"Ile kaiga kwako," akasema. "Mlinivunjia mitungi miwili uani."

Nikaenda nyuma ya TV kukaza waya. Haukuwa umelegea.