Kitanda cha Bure Kiirua

Jumanne, 12 Agosti 2025. Meru mjini

Nimeficha uongo mmoja tangu 1971. Mimi si mtu wa giciaro.

Nilikuwa mwalimu kijana kutoka Manyatta, nimetumwa semina Kiirua bila pesa ya malazi. Nikasikia Wameru hawamnyimi kitu mtu wa giciaro, yaani wa ukoo ulioapa undugu na ukoo wao. Nikamwambia mwenyeji mmoja, Kobia, kwamba asili yetu ni Tharaka, katika ukoo ulioapa na wake. Akanipa kitanda na nyama. Tangu hapo kila safari nalala kwake bure.

Daktari anasema moyo wangu hautamaliza mwaka. Nimekuja kusema.

Lakini kwanza nimechukua lojing'i ya bei ya chini, nisile tena chakula cha Kobia kabla ya kusema. Ghorofa ya tatu — kwa mtu wa miaka themanini na mbili! Maji ya barafu. Msichana wa kaunta ananijibu bila kuacha simu yake: "Mzee, maji moto ni ya rumu za VIP."

Jumatano, 13 Agosti

Sikulala. Mlango haufungiki, blanketi ni nyepesi kama leso. Nilikuwa nikigomba pale kaunta Kobia alipoingia na mkongojo wake. Bintiye, Makandi, anauza viazi sokoni, aliniona jana.

"Ndugu yangu alale lojing'i? Kiirua watasema nimekunyima. Unataka nife na laana?"

Akanyakua mkoba wangu. Ana miaka themanini na saba. Nikamfuata.

Alhamisi, 14 Agosti. Kiirua

Makandi amenipa chumba chake, yeye analala jikoni. Kobia amechinja mbuzi. Nikamwambia sina meno. "Hata mimi sina. Tutakunywa supu, tuwatazame wenye meno."

Watu gani hawa, hawawezi kusema hapana hata mara moja? Wananikasirisha.

Mwaka 1996 mwanangu Njeru na Makandi walitaka kuoana. Wazee wa hapa wakakataa: watu wa giciaro ni kama ndugu wa tumbo moja, hawaoani. Kobia akasafiri mpaka Manyatta kuniomba msamaha kwa aibu ya binti yake. Nami nikamsamehe. Nilimsamehe mimi!

Njeru alioa Gladwell. Makandi hakuolewa.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimemwambia Kobia leo baada ya chai. Yote.

"Ni hizo dawa, ndugu yangu. Lala kidogo."

Nikarudia kwa sauti. Nikamwambia aniite mwongo. Akatoka kwenda kuwaona ng'ombe wake. Miaka hamsini na nne aliamini uongo, leo ukweli anaukataa!

Makandi alikuwa mlangoni na ndoo. Alisikia.

"Mwalimu," akasema. Siku zote aliniita baba. "Njeru hakukuuliza?"

Akasema ataenda kukamua, akirudi nimpe jibu. Nasikia maziwa yakigonga ndoo. Nijaribu kwanza kuliandika hapa.

Aliniuliza. Mwaka ule, Kobia alipoondoka tu Manyatta, Njeru alifunga mlango akasema: Baba, asili yetu ni Tharaka kweli? Ukisema hapana, nitakimbia nimfikie kabla hajapanda gari.

Nilichukua Biblia ya mama yake, nikaapa kuwa ni kweli.

Mwezi uliofuata nilikuwa na semina Kiirua, na kitanda cha Kobia kilikuwa cha bure.