Fuko, Mdogo Wako Hakuiachia Kamba

Ni mwaka mmoja sasa tangu kamba yako inyamaze kisimani. Mwanangu, mchimba visima, mtaa mzima ulikuita Fuko, hata mimi niliyekuzaa nikazoea.

Tunakumbuka ulivyoingia na udongo hadi masikioni, mkeo akafoka, "Nimetoka kudeki sasa hivi!" nawe ukamjibu, "Basi nibebe." Na ulivyopita uani ukivuta kamba ya nguo mara mbili, mpaka nitoke jikoni niivute mara moja. Salamu ya kisimani hiyo. Mara mbili: "Upo?" Mara moja: "Nipo, nimekushika."

Hofu zangu ulizicheka. "Mama, wewe wasiwasi wa leo ukiisha unaazima wa kesho." Ukaniambia kule chini humwoni aliyekushika, lakini kamba iliyoachiwa utaijua tu, itakuangukia kichwani. Ikikaa kimya, imeshikwa.

Kisima kile kilichokuchukua kilikuwa kimefunikwa siku tisa kwa ajili ya mvua. Ulisema, "Nachukua sururu napanda, mara moja tu." Taa hukuishusha, ukashuka, mdogo wako akikushikia kamba juu. Wewe uliyewafundisha wengine kwamba taa ikizimika chini, hewa ni mbaya, mtu hashuki!

Wachimbaji, someni hapa. Shusheni taa kwanza, hata kama ni sururu tu. Na mwenzako akizimia humo usimfuate. Piga kelele watu waje.

Nawe mdogo wake, nakuandikia mbele za watu kwa sababu nyumbani unanikimbia. Wanaosema uliiachia kamba ni waongo. Ulimvuta peke yako, mtu mzima aliyelegea, ukamfikisha juu, kamba ikala viganja vyako. Mimi ndiye niliyeviosha. Sasa huli na sisi, husali, unasema Mungu ndiye aliyeachia. Naogopa, baba. Nimezika mmoja. Sitaki kumpoteza wa pili naye yu hai.

Fuko, hata mimi nimemuuliza Mungu hayo hayo, tena kwa ukali. Mwaka mzima navuta mara mbili, sijasikia jibu. Usingizi sina, kazi naanza naacha, kamba ya nguo ikitikisika nakimbia uani nakuta ni upepo. Ila nakumbuka maneno yako. Kamba yangu iko kimya, lakini haijaniangukia kichwani. Basi nami siiachii.

Unakumbukwa na baba yako, ambaye bado anakuwekea kiti, na mkeo, na binti yako anayechimba mashimo kila mahali, na mimi mama yako, na mdogo wako aliyekupandisha.

Daima utakumbukwa nyumbani kwetu, Fuko.

Na wewe mdogo wake, kamba ya nguo iko pale pale uani. Ukipita, ivute. Nipo.