Aliyefuata Miguu Yangu

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, maana ina urefu wake na goti lako halipendi kusimama. Limepoa kidogo? Shemeji hajambo? Na wale pacha, bado wanagombea mto mmoja? Wabusu wote wawili kwa niaba ya mama yao mdogo, sawasawa, wasije wakagombea na busu.

Sisi huku wazima. Bonge ametoa jino la pili na sasa anauma kila kinachopita, mimi nikiwa wa kwanza. Baba yake na karakana yake ya baiskeli ni vile vile, kila siku mafuta hadi masikioni. Mwandiko univumilie, shule niliiacha kabla haijanizoea.

Siku ile uliniuliza kwenye simu kama bado naogelea, nikasema ndiyo, kisha nikageuza mazungumzo. Si kwamba nilikuficha. Nyumba yetu ina masikio, na mengine hayasemeki mbele ya ukuta. Sasa wamelala, Bonge na baba yake, wote mchana huu wa mapumziko, ndiyo nimepata nafasi.

Unajua kabla ya mimba mimi ndiye niliyekuwa mwogeleaji wa klabu yetu kwenye ile triathloni ya watu watatu: mimi majini, baba Bonge kwenye baiskeli, na yule kinyozi mrefu kwenye mbio. Nilipojifungua, nafasi yangu akanishikia wifi. Nikasema hewala, ni dada wa mume wangu, atanirudishia. Kumbe nimemkabidhi fisi bucha.

Siku niliyorudi bwawani, Bonge alikuwa bado wa kushikwa shingo. Nilimnyonyesha kwenye chumba cha kubadilishia nguo mpaka akalala, lakini maziwa hayajui kutii amri. Nikasimama ukingoni mwa bwawa, nguo ya kuogelea imelowa kifuani kabla hata sijagusa maji. Wifi akaniona. Akapaza sauti kumwambia kocha kwamba hapa sisi tunaogelea maji, hatuogelei chai ya maziwa. Watu wakacheka. Hata mwokoaji alicheka mpaka filimbi ikamtoka mdomoni. Nami nikacheka, dada, nisije nikalia.

Nilidhani mzaha umeisha. Kesho yake kocha akaniita ofisini, akaniambia kwa upole kwamba kuna mtu amelalamika kuhusu usafi wa maji, kwa hiyo nikae pembeni mpaka nitakapomwachisha mtoto. Nikamuuliza ni nani. Akaangalia dirishani. Nami nikaangalia. Wifi alikuwa anapasha mwili moto kwenye njia yangu.

Baba Bonge nilipomweleza alisema dada yake ana mdomo tu, moyo hauna ubaya. Nikamwambia mdomo ndio ulionitoa bwawani, huo moyo sijakutana nao. Akarudi kwenye mnyororo wake. Unamjua, ni kama mlango wa duka, anafunguka pande zote mbili.

Aliyenisimamia ni mama mkwe, ambaye ndiye mama wa wote wawili. Alisema kocha ana bwawa, hana ziwa. Basi kila asubuhi tukawa tunakwenda ziwani, mimi na kofia yangu, yeye na Bonge na mwavuli wake wa manjano. Anakaa ufukoni, mimi naingia.

Dada, wewe ndiye uliyenifundisha kuelea, lakini ziwa ungeniambia nini nikakuelewa? Bwawani kuna mstari mweusi chini, unakuongoza kama mtoto anavyoshikwa mkono. Ukichoka, ukuta upo, unasukuma kwa miguu unarudi. Ziwani ukitia uso unaona ukijani tu, hata kiganja chako kinapotea. Baridi inakubana kifua kama mtu anayekudai. Ukifungua mdomo uvute pumzi, ndipo wimbi linapoamua kukusalimia. Siku ya kwanza niliogelea moja kwa moja, au ndivyo nilivyojua, nikainua kichwa nikakuta naelekea pale pale nilipotoka. Mama mkwe alicheka mpaka akamwamsha Bonge.

Ila nilijifunza. Nilijifunza kuchungulia kama mamba, macho tu juu ya maji, maana ukiinua kichwa kizima miguu inazama. Nilijifunza kuchagua kitu nchi kavu na kukishika kwa macho. Changu kilikuwa ule mwavuli. Nikikaribia ufuko na kumsikia Bonge analia, maziwa yalikuwa yanatoka yenyewe humo humo majini, na ziwa halikwenda kunishtaki kwa mtu.

Baadaye kocha akatangaza kwamba mwogeleaji wa timu atachaguliwa ziwani, kwa sababu mashindano yenyewe ni ya ziwani. Aliyeacha kunyonyesha na asiyeacha, wote waje. Tukajitokeza wawili tu, mimi na wifi. Kwenda mpaka boya jekundu, kulizunguka, kurudi. Wa kwanza kukanyaga mchanga ndiye mwenye nafasi.

Kabla ya siku hiyo, wifi alikuja ziwani mara kadhaa na wenzake wa klabu. Mimi nilikuwa chini ya mwavuli nanyonyesha, namwangalia. Kwa mkono, wifi ni fundi, unaingia majini bila kelele kama kisu kwenye siagi. Lakini hachungulii. Hata mara moja. Anakaa nyuma ya miguu ya mtu, anafuata mapovu, na karibu na mwisho anampita. Si kosa, inaruhusiwa, na maji ya nyuma ya mtu ni mepesi kweli. Mimi nikaliona, nikalimeza, nikamhamishia Bonge titi la pili.

Siku yenyewe, wakati anavuta ile kofia yake ya rangi ya fedha, nilimsikia anamwambia mwenzake kwamba leo tutaona kama maziwa yanaelea. Alidhani sisikii. Au alijua nasikia.

Sasa dada, hapa ndipo nilipotaka kufika.

Boya tulilizunguka pamoja, jua likiwa usoni. Nilipoanza kurudi nikahisi vidole vyake vinagusa nyayo zangu. Tena. Tena. Nikajua ameshakaa. Nikachungulia, mwavuli wa manjano ukawa pale pale upande wangu wa kulia. Kushoto kulikuwa na matete, na mbele yake pipa la rangi ya chungwa linaloelea kuonyesha bomba la maji linapopita. Nikapinda kushoto, nikilifuata pipa.

Nisimsingizie shetani, hakunipitia. Nilikuwa mimi, na akili zangu zote. Nilipinda polepole, asistuke. Akibaki nyuma nilipunguza mwendo nimsubiri, kama unavyomsubiri mtoto anayejifunza kutembea. Nilipoanza kusikia harufu ya matope ya matete, nikavuta pumzi, nikapiga miguu kwa nguvu zangu zote, nikakata kulia. Vidole vikanikosa. Yeye akaendelea mbele, uso ndani ya maji, kama yuko bwawani anasubiri ukuta.

Nikakanyaga mchanga peke yangu.

Wifi aliletwa na boti ya waokoaji. Ilikuwa karibu naye, hilo nilikuwa nimelihakikisha kabla sijapinda, usinifikirie vibaya zaidi ya ninavyostahili. Kofia ilikuwa na majani, jani jingine limemganda mdomoni, anakohoa na kulia pamoja. Kocha akawaeleza watu kwamba mkondo ulitubeba sote wawili, akanisifu kwa kuugundua mapema. Wifi mwenyewe aliamini. Alinikumbatia akitetemeka, akaniambia wifi wewe ni samaki. Nikaupokea ule mkumbatio wote. Nikudanganye ya nini? Ulikuwa mtamu kuliko usingizi.

Asiyenipongeza ni mama mkwe. Tulipofika nyumbani alikuwa anamwogesha Bonge kwenye beseni, hakuniangalia, akaniuliza imekuwaje mtu anayekuja kwenye mwavuli wake kila asubuhi kama nyuki kwenye mzinga, leo apotee. Nikashika taulo. Akasema yeye ana binti aliyemzaa na binti aliyeletewa, na hatamzika mmoja kwenye matete ili amchezee ngoma mwingine. Kwamba hatamwambia mtu. Lakini kama nataka anishikie Bonge siku ya mashindano, nimchukue wifi ziwani nimfundishe mimi mwenyewe. Na bila yeye, dada, Bonge hana wa kumshika, baba yake atakuwa kwenye baiskeli. Nikasema sawa mama.

Kwa hiyo sasa tunakwenda watatu na mtoto. Nimemfundisha wifi kuchungulia kama mamba. Nimemfundisha kuvuta pumzi upande usio na wimbi, na kuchagua kitu nchi kavu. Ana akili, anashika haraka. Jana, nikiwa navaa kofia, nilimpa Bonge amshike kidogo, Bonge akamcheulia maziwa begani. Alijifuta taratibu kwa mkono. Akaniangalia, mdomo ukafunguka, nikasubiri. Akasema leo maji yana baridi.

Basi. Neno la kuniomba radhi bado halijamtoka.

Ndiyo maana nimemfundisha yote isipokuwa moja, kwamba miguu ya mbele inaweza kusema uongo. Akichoka kuchungulia anarudi kukaa nyuma yangu kama zamani, vidole kwenye nyayo zangu, na mimi nampeleka mpaka kwenye mwavuli. Hajui kwamba kila asubuhi ninachagua. Siku atakayoniomba radhi nitamwambia na hilo, na hayo ya pipa pia, tukae chini tulie au tupigane, yaishe. Asipoomba, wifi bado haogopi kufuata miguu yangu, na matete hayajahama.

Unaweza kunigombeza, wewe ni mkubwa wangu. Ila njoo unigombezee hapa hapa. Mashindano yamekaribia na nataka Bonge akupapase uso akujue. Mwambie shemeji akuruhusu na goti lako. Mama mkwe anakusalimu, baba Bonge anakusalimu, na wifi pia, amesikia naandika barua akasema nimtajie.

Ukija, vaa nguo ya rangi kali usimame karibu na mwavuli. Nikitoka kwenye boya, nitawatafuta ninyi.

Ni mimi kitindamimba wenu, anayekupenda sana,

Mama Bonge