Santuri Tano za Saba Saba

Jumatatu, 14 Juni 1976

Leo Bwana Utamaduni wa wilaya kasimama barazani kwangu dakika ishirini nzima. Suruali yake tayari, imekunjwa, iko mkononi – haondoki! Nilikuwa nimeweka ile rumba ya Moba Suksesi, upande wa pili. Akauliza bendi gani hii, mbona redioni haipigwi. Nikamjibu redio haijui kila kitu.

Akacheka. Kisha akaniambia kuwa Saba Saba, baada ya gwaride na kabla ya mpira, kuna nafasi ya santuri tano kwenye vipaza sauti vya uwanja. Nichague mimi. Mimi Pelagia, fundi cherehani!

Miaka sita nawaambia watu wa Mpanda wageuze sikio kidogo, na miaka sita wananiuliza kama sina zile za kawaida. Sasa wilaya nzima itanisikiliza. Jioni nimeunguza ugali na wala sikujali.

Jumatano, 16 Juni

Habari imemfikia Gaspar wa baa. Amekuja kwa kisingizio cha kifungo. Huyu bwana ana santuri thelathini na zote mtoto yeyote anazijua kwa moyo. Akasema mbele ya wateja wangu kuwa kabla sijafika santuri ya pili watu watakuwa wameshatawanyika, wako kwa muuza miwa.

Nikamwambia haya, tuone. Wakitawanyika, napiga zake hapa barazani mwezi mzima. Wasipotawanyika, yeye anapiga zangu baa, mwezi mzima. Tumepeana mikono. Mkono wake ulikuwa na jasho!

Kifungo nimemshonea bure, ili asipate la kusema.

Jumamosi, 19 Juni

Nimechagua nne. Niandike sababu, nisije kuyumbishwa na maneno ya watu.

Mimi santuri naipima kwa mguu. Redio gramu yangu niliinunua kwa mguu huu huu wa kukanyaga cherehani, basi mguu ndio una haki ya kuamua.

Moba Suksesi: ya mshono wa suruali. Ukikanyaga nayo, uzi unakwenda wima toka kiunoni hadi pindo. Gitaa la pili halichoki. Sijui kwa nini hawakuvuma – labda jina.

Taarabu ya Tanga, Nyota ya Mchangani. Hii ni ya kutia vifungo. Haina haraka, mama yule anavuta neno moja mpaka unasahau lilianzia wapi. Watu wa bara wanasema taarabu si yetu. Wakae chini wasikilize fidla!

Kwaya ya wanawake wa kando ya Ziwa Rukwa, waliorekodiwa na padri mmoja. Ya kushona kanzu za altare. Sauti ya chini wameishika wanawake wenyewe, hakuna mwanamume hata mmoja. Nimemwekea Imakulata wa jumuiya yetu, akasema kumbe tunaweza na sisi.

Ya nne, Mmarekani mweusi. Karatasi ya katikati imechanika, jina lake silijui wala Kiingereza chake sikijui. Shemeji Ambrosi aliiokota Tabora – yeye anafanya kazi kwenye treni, ananiletea zile ambazo madukani zimekataliwa. Hii siwezi kuiweka nikiwa nakata kitambaa, mkasi unaacha mstari wa chaki. Kila mtu amsikie huyu bwana walau mara moja kabla hajafa.

Ya tano bado.

Jumapili, 20 Juni

Ya tano imejileta yenyewe!

Baada ya misa amekuja Melkior wa Katumba, kule kwenye makazi ya wakimbizi, yule Mrundi mpole, na kitambaa cha gauni la mke wake. Ndani ya kitambaa, santuri. Alivuka nayo mpaka mwaka ule wa mauaji ya kwao, sabini na mbili, imefungwa katikati ya mkeka. Watoto, jembe, mkeka. Basi. Mashine hana, kwa hiyo miaka minne hajaisikia.

Nikaiweka. Mwanzoni hakuna muziki. Mzee ananong'ona tu, kama anakusengenyea mtu. Melkior akashika nguzo ya baraza. Akaniambia hapo anaita vilima, kimoja kimoja, na cha tatu ni chao, kwao kabisa. Halafu inaanza inanga, ala yao ya nyuzi, na wanawake wanapiga makofi polepole. Mguu wangu haukukanyaga. Umekaa kimya kwa heshima.

Nikamwomba aniazime kwa Saba Saba. Akafikiri. Akasema, "Mama, utaitunza?" Nikamwambia, uliza Mpanda nzima kama Pelagia amewahi kukwaruza santuri. Nilivimba kichwa nikisema hivyo. Lakini ni kweli!

Ameniachia. Atawaleta watu wa vijiji vyao wasikie kilima kikitajwa.

Alhamisi, 1 Julai

Mungu wangu.

Asubuhi betri za redio gramu zilikuwa zimechoka. Nikazianika juani kama siku zote, zipate nguvu. Nilichukua ungo uliokuwa mezani, una vipande vya vitambaa, nikazipanga juu yake, nikauweka juu ya bati la jiko. Saa nne mpaka saa nane.

Santuri ya Melkior ilikuwa chini ya vile vitambaa. Niliiweka mwenyewe jana, isikanyagwe na wateja.

Ukingo umeinuka na kushuka kama pindo lililoshonwa na mwanafunzi. Mimi! Mimi ninayewafokea watu wasishike santuri kwa vidole!

Ijumaa, 2 Julai

Nimefunga mlango, nimewaambia wateja naumwa.

Nikachukua pasi ya mkaa, nikaacha mkaa upoe hadi majivu. Santuri katikati ya vipande viwili vya kioo cha dirisha, kitambaa kibichi juu, pasi juu ya kitambaa. Kidogo. Natoa. Tena kidogo. Nimepiga pasi hariri ya maharusi bila kutoka jasho. Leo blauzi imelowa.

Mchana nikaijaribu. Katikati imekubali! Inanga safi, makofi safi. Lakini ukingoni bado kuna wimbi. Sindano inaruka, inatua mbele, kwenye nyuzi. Mnong'ono haupo.

Hakuna fundi mwingine wilaya hii angeiokoa hata hapo ilipofika. Najisifu, nalia, vyote pamoja.

Jumapili, 4 Julai

Melkior kanisani. Akauliza inaendeleaje. Nikasema imelala vizuri.

Nimepokea komunyo na uongo huo mdomoni.

Jumanne, 6 Julai

Nilitaka kumtumia ujumbe leo Katumba. Nikaandika karatasi, nikaichana. Gaspar atacheka mpaka Krismasi. Nitaanzia katikati tu, nani atajua?

Jumatano, 7 Julai. Uwanjani

Naandika nyuma ya daftari la vipimo. Jenereta imeishiwa petroli, wameenda kuleta. Lazima niandike!

Hawakutawanyika. HAWAKUTAWANYIKA! Kwa Moba Suksesi wachezaji wa mpira wenyewe walicheza, na viatu vyao vya njumu. Kwa taarabu mabibi walikaa chini kwenye vumbi, wakajipangusa machozi. Kwaya – Imakulata alisimama na wenzake wakaitikia. Mmarekani, hakuna aliyeelewa neno, na hakuna aliyeondoka. Muuza miwa ameacha panga, amekuja kusikiliza!

Kisha ya tano. Watu wa Katumba wamejaa upande wa goli, walikuja na lori. Nikaishusha sindano taratibu, baada ya wimbi. Nyuzi zikatoka kwenye vipaza sauti. Wanawake wao wakainua mikono, wakaanza kucheza, miguu ikapiga ardhi kwa pamoja. Wakonongo, Wabende, Wafipa, wote wakapiga makofi. Sijawahi kuwa na siku kama hii. Nikifa kesho, nimeishi.

Ilipokwisha wakapiga kelele irudiwe. Na aliyepiga kelele kuliko wote ni Gaspar! "Fundi, rudisha! Rudisha toka mwanzo!"

Jukwaani akapanda Melkior, shati jeupe. Hana hasira hata kidogo. Akaomba kipaza sauti, akawaambia, "Subirini, mama aliharakisha kidogo. Mwanzoni ndipo anapotaja kwetu." Akawaita wazee wa vijiji vyao wasogee mbele. Wamesogea. Wamevua kofia. Ndipo jenereta ikazima.

Gaspar ameniletea soda, ameniita mwalimu. Siwezi kuinywa.

Melkior amekaa hapa pembeni yangu kwenye benchi. Ameichukua santuri, anaishika kwa kingo mbili kama nilivyomfundisha, anaipuliza vumbi. Petroli imefika, nawasikia wanavuta kamba.

Ameiinua usawa wa macho, aone kama imebaki vumbi.

Jenereta imewaka. Watu wanashangilia. Bado anautazama ukingo.